Mfu anayepiga simu usiku: juu ya diski «OutRun» ya Kavinsky

Kijana akitujia na kusema: «Padri, sikiliza diski hii, ni hadithi ya mfu aliyerudi katika motokari yake», tutamjibu nini? Wako watakaomkataza mara moja, kwa sababu wamesikia neno «mfu» na neno «zombi». Wengine watacheka na kusema kwamba ni michezo ya Ulaya, haituhusu. Wa kwanza na wa pili wana kosa moja: hawakusikiliza. Hakimu asiyesikiliza shauri, hata kama amekata vizuri, hakukata kwa haki.

Sisi tumesikiliza. Tumeirudia diski hii mara nyingi, toka mwanzo mpaka mwisho, na hapa tunataka kusema tuliyoyaona: uzuri wake ni nini, upungufu wake ni nini, na kwa sababu gani wimbo mmoja kati ya nyimbo zake 13 unaweza kumnyamazisha mtu na kumfikirisha. Wasomaji wetu wasiojua muziki wa namna hii wasiogope. Tutakwenda polepole.

I. Mtunzi na kazi yake

Kavinsky si jina la ubatizo. Ni jina la kinyago. Mwenye kukivaa ni Mfaransa, Vincent Belorgey, aliyezaliwa mwaka wa 1975. Amecheza katika sinema za rafiki yake Quentin Dupieux, na mwaka wa 2006 alitoa diski fupi ya kwanza. Baadaye zilifuata diski fupi nyingine, na mwaka wa 2010 wimbo «Nightcall», maana yake simu ya usiku. Wimbo huo ndio uliomfanya ajulikane po pote, kwa sababu mwaka wa 2011 uliwekwa mwanzoni mwa filimu «Drive» ya Mdenmark Nicolas Winding Refn. Hapo tunaona dereva asiye na jina akipita usiku katika mji wa Los Angeles, na wimbo unasema yale ambayo yeye hasemi.

Diski nzima, «OutRun», ilitoka Februari 2013, katika nyumba ya muziki ya Paris iitwayo Record Makers. Belorgey aliitengeneza pamoja na mwenzake SebastiAn. Na «Nightcall» yenyewe aliitengeneza pamoja na Guy-Manuel de Homem-Christo, mmoja wa wale wawili wa Daft Punk. Basi kwa nyimbo alikuwa amekwisha kujulikana, lakini hii ni diski kubwa yake ya kwanza. Na ndani yake nyimbo nne angalau zilikuwa zimetoka zamani katika diski fupi. Jambo hilo tuliweke akilini, litatusaidia mbele.

Aina ya muziki huu inaitwa sintiwevi. Ni muziki wa watu wa karne hii wanaotumia sauti za mashini za miaka ya 1980 na kuzipenda kama mtu anavyopenda harufu ya nyumba ya utoto wake. Wafaransa walikuwa kati ya watangulizi wake. Tena wengine wanaita aina hii yote kwa jina la diski tunayoisoma hapa, «outrun». Lakini Belorgey hakubuni jina hilo. Alilitwaa katika mchezo.

Mchezo huo ulitoka Japani mwaka wa 1986, katika kampuni ya Sega, na mtunzi wake ni Yu Suzuki. Mchezaji alitia pesa katika mashini, akakamata usukani, akaongoza motokari nyekundu isiyo na paa, inayofanana na Ferrari Testarossa, na kando yake amekaa msichana. Mbele ni njia, bahari, miti ya minazi. Saa inahesabu sekunde kurudi nyuma, na zikiisha, safari imekwisha. Kabla ya kuondoka, mchezaji alichagua katika redio wimbo mmoja kati ya tatu. Tena jambo moja la ajabu: motokari ikigonga, inapinduka, dereva na msichana wanatupwa nje, na baada ya kitambo kidogo wako tena ndani ya motokari, safari inaendelea. Hakuna damu, hakuna kaburi. Kilichopotea ni sekunde tu.

Hapo ndipo Kavinsky alipotia mkono wake. Yeye alisema: hapana, yule dereva alikufa. Kadiri ya hadithi yake, kijana mmoja aligonga Testarossa yake mwaka wa 1986, akafa, na mwaka wa 2006 akarudi zombi ili atunge muziki. Katika kipande cha kwanza cha diski, «Prelude», msimulizi mwenye sauti nzito anatuelezea kijana huyo, msichana aliyempenda, motokari nyekundu, na namna roho yake ilivyoshikamana na motokari ile. Kisha mashini zinaanza.

Wazo hili tunalisifu kwanza. Mchezo ulisema uwongo juu ya mauti, ukasema kwamba mtu anapinduka na kuinuka bila kulipa. Diski inaukatalia. Inasema kwamba aliyepinduka kwa mwendo ule alikufa kweli. Ni kitu kidogo, lakini muziki wote unapata uzito wake hapo.

II. Je, mashini inaweza kuimba?

Wenzetu wengi wanasema: muziki wa mashini si muziki, kwa kuwa mtu hapulizi wala hapigi. Tuwajibu kwa upole. Katika parokia zetu nyingi kuna kinanda cha umeme, na kila Dominika tunakisikia. Zamani wengine walidhani vile vile kwamba ngoma haiwezi kusali. Halafu mwaka wa 1958 wavulana wa Kamina, pamoja na Padri Guido Haazen, waliimba Missa Luba, na dunia ikanyamaza kusikiliza. Chombo hakihukumiwi kwa mti wake wala kwa ngozi yake wala kwa umeme wake. Kinahukumiwa kwa kile kinachosemwa nacho.

Sasa sintetizeri inafanya kazi namna gani? Si jambo la uchawi. Umeme unatikisika mara nyingi katika kila sekunde, na mtikisiko huo ndio sauti. Mtikisiko wa mwanzo una ukali kama msumeno. Kisha kuna chujio linaloondoa sauti kali za juu. Ukilifunga, sauti inakuwa nzito na ya giza, ukilifungua polepole, sauti inang'aa kama jua linalotoka. Mwishoni kuna sehemu inayoamuru sauti ianze kwa haraka au kwa polepole, ife mara moja au ikawie. Mpigaji anachagua hayo yote kwa vidole vyake na kwa masikio yake. Vyombo vya namna hii vilianza kuuzwa katika miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 vilikuwa vimeenea katika sinema na katika redio. Mmarekani John Carpenter alivitumia kwa filimu zake za hofu, naye Mfaransa Jean-Michel Jarre alivitumia kwa diski yake «Oxygène» ya 1976. Kavinsky ni mrithi wa wote wawili: kutoka kwa mmoja amepata hofu, na kutoka kwa mwingine upana.

Ukisikiliza vizuri utagundua alama ya mkono wa Wafaransa wa siku hizi. Ngoma inapopiga, sauti nyingine zote zinashuka kidogo, kisha zinapanda tena. Ngoma inapiga, zinashuka, zinapanda. Hivi muziki mzima unapumua, kama kifua cha mtu anayekimbia. Ni ajabu: mfu amekaa ndani ya mashini, na mashini inapumua kwa ajili yake. Hatujui kama mtunzi alilikusudia jambo hili, lakini masikio yanalipokea.

III. Neno lililotoka kwetu

Tufike kwa neno «zombi», kwa sababu ndilo linalowatisha watu.

Neno hili halikuzaliwa Ulaya. Wataalamu wa lugha wanalitafuta katika Afrika yetu ya kati, zaidi sana katika Kikongo. Wengine wanalifananisha na «nzambi», jina la Mungu na la roho; wengine na «mvumbi», yaani maiti. Lilivuka bahari katika merikebu za watumwa mpaka sehemu ile ya kisiwa ambayo Wafaransa waliiita Saint-Domingue, na ambayo tangu 1804 inajulikana kama inchi ya Haiti. Huko lilipata maana mpya, na maana hiyo ni ya uchungu mkubwa. Zombi ni mtu aliyekufa, au aliyenyang'anywa nia yake, akainuliwa ili afanye kazi shambani usiku, bila mshahara, bila usingizi, bila neno. Tufikiri kidogo. Mtumwa alikuwa na tumaini moja tu, kwamba mauti itamfungua. Hofu yake kubwa ilikuwa nini? Kwamba hata mauti haitamfungua, kwamba atalima miwa ya mwingine hata kaburini.

Kutoka Haiti neno lilikwenda katika sinema za Marekani. Filimu «White Zombie» ni ya 1932. Polepole watu walisahau shamba na mtumwa, wakabaki na mfu anayetembea na kutisha watoto. Hivi ndivyo neno la babu zetu lilivyofika Paris mwaka wa 2006, limevaa koti la wanafunzi na miwani myeusi, limekaa nyuma ya usukani wa Ferrari.

Hatusemi kwamba Belorgey ameiba kitu. Lakini inafaa wasomaji wetu wajue njia ambayo neno limepita, kwa sababu mbili. Ya kwanza: kwetu maneno ya namna hii si mchezo. Sote tunajua wazee, hata watoto wadogo, waliofukuzwa nyumbani kwa kuwa mtu fulani alisema wanatembea na wafu usiku. Kijana wa Paris akisema «mimi ni mfu», rafiki zake wanacheka. Katika mtaa wetu neno hilo linaweza kuharibu maisha ya mtoto. Basi katekista anayesikiliza diski hii pamoja na vijana asipite neno hilo haraka. Aseme wazi kwamba hapa ni kinyago, kama vile mchezaji anavyovaa kinyago katika ngoma, nasi tunajua kwamba chini yake kuna mtu, mwana wa fulani, atakayekivua jioni na kula pamoja nasi. Kuogopa kinyago hiki ni kupoteza wakati, na kukitumia ili kumtisha mwenzako ni dhambi.

Sababu ya pili inahusu hukumu ya diski yenyewe. Tukikumbuka zombi wa Haiti, tunamwona huyu wa Kavinsky kwa macho mengine. Anaonekana bwana: ana motokari ya fahari, ana mwendo, ana usiku mzima. Lakini anakwenda wapi? Hafiki mahali po pote. Kipande cha mwisho kinaitwa «Endless», yaani bila mwisho. Anaendesha, anaendesha, na hawezi kushuka. Naye anafanya kazi ya usiku bila kupumzika. Tofauti yake na yule wa shamba la miwa ni kwamba mnyororo wake ni mwekundu na unang'aa. Jambo hili diski inaligusa bila kulitamka. Kwa maoni yetu, ndilo jambo lake la kweli kuliko yote.

IV. Simu ya usiku

Sasa tuje kwa «Nightcall», wimbo wa 8.

Kwanza tunasikia simu, kisha mwendo wa polepole, usio na haraka hata kidogo. Halafu sauti ya mwanaume inaanza, lakini si sauti ya koo. Imepita katika vokoda, chombo kinachoikata sauti ya mtu vipande vipande na kuijenga tena kwa sauti ya mashini. Maneno yanasikika, pumzi haisikiki. Wengi wanadhani vokoda ilibuniwa kwa ajili ya muziki. Sivyo. Ilibuniwa na Mmarekani Homer Dudley katika miaka ya 1930, katika maabara ya Bell, yaani ya watu wa simu, waliotafuta namna ya kupitisha sauti ya mtu katika waya kwa nafasi ndogo zaidi. Wakati wa vita kuu ya pili ilitumika kuficha maneno ya wakubwa wa Marekani na Uingereza yasisikiwe na adui. Basi ni chombo cha simu tangu kuzaliwa kwake. Wimbo huu unakirudisha kwa kazi yake ya kwanza: mtu aliye mbali sana anataka kusema na mtu aliye hai, na sauti yake inafika imevunjika.

Mwanaume anampigia msichana ili amwambie anavyojisikia, na kumwomba waende pamoja katika usiku. Ndipo msichana anajibu, na kumbe sauti yake ni sauti ya mtu kweli. Mwenye kuimba ni Lovefoxxx, Mbrazili wa kundi la CSS. Haimbi kwa nguvu, hapandi juu. Anaimba kama mtu aliyeamshwa usiku na hataki kuamsha wenzake wa nyumbani. Anasema kwamba ndani ya huyo mwanaume kuna kitu ambacho ni vigumu kukieleza. Anasema tena kwamba watu wanamsema, naye hata hivyo hakubadilika.

Hapo tusimame. Hakubadilika! Amepita katika moto, amekufa, miaka 20 imekwenda, amerudi, na mtu anayempenda anamwambia kwamba hakubadilika. Ni sifa au ni kilio? Wimbo hauamui, na ndiyo sababu ni mzuri. Ukiusikiliza mara ya kwanza, ni neno tamu: upendo umemtambua mpendwa hata katika kifo. Ukiusikiliza mara ya kumi, ni neno la huzuni: mtu huyu ameshikwa palepale alipokuwa, hata mauti haikumfundisha kitu.

Tunadhani kwamba mara ya kumi ndiyo iliyo karibu na ukweli. Sisi tuliosoma Mtume Paulo tunajua mfano wa mbegu: inayopandwa si ile itakayoota. Ufufuko bila kugeuka si ufufuko, ni kurudi tu. Lazaro naye alirudi, lakini kazi ya kwanza iliyofanyika baada ya kutoka kaburini ilikuwa kumfungua vitambaa na kumwacha aende zake. Mfu wa Kavinsky hajafunguliwa na mtu. Vitambaa vyake ni motokari. Hatusemi haya ili kumlaumu mtunzi kwamba hakuandika mahubiri. Hakuahidi mahubiri, na mahubiri mabaya yako mengi tayari. Tunayasema kwa sababu yeye mwenyewe ameigusa habari hii, akamweka mtu aliye hai amwambie mfu neno la kweli kwa sauti ndogo. Mara ile moja tu kuna watu wawili katika diski hii wanaosemezana. Na mara ile moja tu inauma.

V. Upungufu

Tumesifu, sasa tuseme na yaliyobaki, kwa kuwa sifa bila ukweli haimsaidii mtu.

Upungufu wa kwanza: baada ya simu ile, hakuna kinachotokea. Hadithi iliyoanzishwa katika «Prelude» ilituahidi mtu, msichana, kifo, kurudi. Lakini nyimbo nyingi zinazofuata ni picha za mwendo tu. «Rampage» na «Roadgame» zina nguvu, mkono wa fundi unaonekana, lakini ni kama kipande cha filimu ambapo motokari zinakimbizana nasi hatujui nani anamkimbia nani. Msichana aliyepigiwa simu, je, alifungua mlango? Alikataa? Alilia? Diski haimwulizi tena. Hapa tunakumbuka kwamba nyimbo kadhaa ni za miaka mbalimbali, zimekusanywa na kupewa paa moja. Paa ni zuri, lakini vyumba havina milango ya kupitia toka kimoja hadi kingine.

Upungufu wa pili: wageni walioalikwa. Katika «Suburbia» anasema Havoc wa kundi la Mobb Deep la New York. Ni msemaji hodari, na sauti yake ni ya mtu anayejua barabara halisi, si barabara ya mchezo. Lakini hakuingizwa katika hadithi. Anasimama kama mgeni aliyekaribishwa mlangoni bila kupewa kiti. Nayo «First Blood», jina lake linatukumbusha filimu ya 1982, inaigiza nyimbo za gitaa na za nguvu za wakati ule. Inaziigiza vizuri, lakini inaziigiza tu.

Upungufu wa tatu ni mkubwa kuliko yote, nao unagusa aina nzima ya sintiwevi. Mwaka wa 1986 wa diski hii ni mwaka wa nani? Belorgey alitimiza miaka 11 mwaka huo. Mtoto wa miaka 11 haendeshi Testarossa. Anaiona katika picha, katika televisheni, katika mashini ya mchezo. Basi kumbukumbu iliyotunzwa hapa ni kumbukumbu ya mtoto anayetazama kwa kioo vitu vya wakubwa. Ndiyo sababu ya utamu wake, na ndiyo sababu ya wembamba wake. Mwaka ule ule, mwezi wa Januari, chombo cha Marekani Challenger kilipasuka angani na watu 7 walikufa mbele ya macho ya dunia. Mwezi wa Aprili, mtambo wa Chernobyl uliwaka moto. Ulikuwa mwaka ambapo mashini kubwa zilimwonyesha mwanadamu kwamba anaweza kufa mikononi mwake mwenyewe. Hatudai kwamba wimbo uwe gazeti. Lakini diski inayosimulia mtu aliyeuawa na mashini aliyoipenda, katika mwaka ule hasa, ilikuwa karibu sana na neno kubwa, ikapita kando yake kwa mwendo wa haraka, macho yakitazama taa za mbele.

Kila taifa lina hatari hii, na sisi tunayo. Wazee wetu wanaposimulia miaka ya zamani, nyimbo za zamani, magitaa ya zamani, mara nyingi wanasimulia nguo na viatu, na kusahau njaa na hofu. Kupenda zamani si kosa. Lakini anayependa zamani na kuchagua tu vitu vilivyong'aa, huyo hakumbuki, anapamba. Kukumbuka kweli ni kuwaita tena watu waliokuwamo, pamoja na maumivu yao, na kukubali kwamba hata wao, wangeishi, wangebadilika.

Hukumu yetu

Tukikusanya yote, tunasema hivi. «OutRun» ni kazi ya fundi anayejua kuchagua sauti, na wazo lake la kumpa kifo dereva asiyekufa wa mchezo ni wazo la mtunzi wa kweli. Diski nzima haikufuata wazo hilo mpaka mwisho; ililitamka, ikaogopa, ikaongeza mwendo. Lakini katikati yake iliacha simu moja, ya dakika chache, ambapo sauti iliyovunjika inajibiwa na sauti nzima. Wimbo huo haujachakaa. Tarehe 11 Agosti 2024, katika kufunga Michezo ya Olimpiki ya Paris, Kavinsky mwenyewe aliuleta tena, pamoja na kundi la Phoenix na mwimbaji Mbelgiji Angèle, mbele ya uwanja uliojaa. Watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka wa 1986 walifurahia simu ya mfu wa mwaka ule.

Tena tunataja jambo moja kwa heshima. Diski kubwa yake ya pili, iliyotoka mwaka wa 2022, aliiita «Reborn», yaani aliyezaliwa tena. Hatutaihukumu hapa. Lakini jina peke yake linatuonyesha kwamba mtunzi naye alisikia neno la yule msichana, na kwamba liliendelea kumsumbua.

Basi kijana akituletea diski hii, tusimfukuze, na tusimcheke. Tukae naye. Tusikilize pamoja wimbo wa 8 mpaka mwisho, taa zikiwa zimezimwa kama anataka. Kisha tumwulize swali moja tu: mwenzako akirudi kwako baada ya mambo makubwa yaliyompata, ukakuta hakubadilika hata kidogo, utafurahi au utalia? Tumwache afikiri. Asipojibu leo, atajibu siku nyingine, na siku hiyo tutajua kwamba amesikiliza.